Dawa Haiwi Badala ya Joto: Kazi ya Resini Katika Baridi ya Ngara

Kazi ya faiba imekwisha kufika vilimani kwetu. Vijana wa Bukiriro, kama vijana wa kata nyingine za Ngara na wa Biharamulo, huteremka hadi mwambao wa Ziwa Victoria kutafuta riziki, wengine Chato na Muleba, wengine Mwanza, na baadhi yao husonga mbele hadi Dar es Salaam na Unguja. Huko hujifunza kuziba na kuunda vyombo kwa nyuzi za kioo na resini. Wakirejea nyumbani huja na ujuzi huo pamoja na makopo mawili matatu, wakaanza kuziba matangi ya maji, maganda ya pikipiki, mabeseni na mitumbwi ya Mto Ruvubu. Kiwanda chao ni ua wa nyumba ya wazazi.

Ni kazi ya halali na yenye manufaa, nasi hatuna shaka nayo. Lakini kila msimu wa baridi unapoingia, hasa katika miezi ya Juni na Julai, hutufikia malalamiko ya namna moja: kiraka kimebaki kinanata, tangi limevuja tena, mteja anadai fedha zake. Aghalabu lawama huangukia resini, kwamba ni mbovu, au duka lililoiuza, kwamba limedanganya. Uchunguzi wetu, pamoja na maelezo ya mafundi wazoefu, umetuonyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mwingine kabisa, naye ni baridi. Makala haya yanaeleza baridi inaifanya nini resini, fundi afanyeje, na wazazi wajihadhari na nini kazi hii inapofanyika karibu na watoto.

Resini ni kitu gani

Babu zetu wa Pwani walikuwa na njia yao ya kuzuia maji yasiingie chomboni. Fundi wa jahazi alikalafati maungio ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha akapaka chini ya chombo deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu. Deheni hiyo ilipakwa ingali na uvuguvugu, kwa sababu shahamu iliyopoa haishiki ubao. Ujuzi wa kwamba joto ni sehemu ya kazi, basi, si mgeni katika ufundi wa vyombo vya majini. Ni wa zamani kuliko faiba yenyewe.

Resini ya siku hizi inayotumika sana ni poliesta. Hutoka kiwandani ikiwa ya majimaji mazito mfano wa asali. Fundi hutandika kitambaa cha nyuzi za kioo, akakilowesha kwa resini aliyoichanganya na dawa ya kugandisha, na baada ya muda kitambaa na resini huwa kitu kimoja kigumu. Wengi hudhani resini hukauka kama rangi ya mafuta. Sivyo. Rangi hukauka polepole kutoka juu, ilhali resini hugeuka mwili wake wote: chembe zake hushikana mkono, moja kwa nyingine, hadi zikawa wavu mmoja. Mshikamano huo hutoa joto, na wenyewe pia huhitaji joto ili uanze na ufike mwisho.

Watu wengi duniani waliojifunza kazi hii nyumbani kwao, bila kiwanda, waliijifunza kwa kutengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Kabla ya Vita Kuu ya Pili mbao hizo zilikuwa za mti mtupu na nzito mno. Baada ya vita, mafundi wa California nchini Marekani walianza kuzivika faiba, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa wakitumia kiini cha povu gumu mahali pa mti. Tangu hapo kijana mwenye banda, msasa na makopo machache aliweza kujitengenezea ubao wake. Wenye kufanya kazi hiyo katika nchi za baridi, kama Uingereza, walikutana mapema na tatizo lile lile linalowasumbua vijana wetu wa Ngara: resini isiyotaka kuganda. Tutawarejea, kwa kuwa ubao wao una somo kubwa kwetu.

Vipimo vya Pwani na hewa ya vilimani

Kijana aliyejifunzia Dar es Salaam au Unguja hufanya kazi mchana katika joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Huko taabu ya fundi ni resini kuganda upesi kuliko mkono wake, na ndiyo sababu hufundishwa kutia dawa kidogo na kuharakisha. Mwambao wa Ziwa Victoria uko juu kiasi cha meta 1,134 kutoka usawa wa bahari. Ngara iko juu zaidi ya hapo, na kwa kawaida kila mtu apandapo meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita au saba. Alfajiri za kiangazi huku kwetu hewa huweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini yake, na ukungu ukalala mabondeni mpaka jua lipande.

Kanuni wanayoitumia mafundi wa resini ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya kuganda hupungua kwa karibu nusu. Tuchukue mfano wa resini iliyochanganywa kwa kipimo kinachoigandisha kwa dakika 15 penye joto la nyuzi 30. Kipimo hicho hicho penye nyuzi 20 kitahitaji kama nusu saa, na penye nyuzi 10 kitahitaji kama saa nzima. Tena hapo tunasema kuganda tu, yaani kuacha kutiririka. Kukomaa ni jambo jingine. Chini ya nyuzi 15 resini ya poliesta huweza kuganda ikaishia njiani, ikawa ngumu kwa macho na dhaifu kwa ndani. Joto linaloifaa ni baina ya nyuzi 18 na 25.

Hapa ndipo ubao wa mawimbi unapotufunza. Fundi huchanganya resini katika kopo, akapaka nyingine juu ya ubao, na kiasi kidogo kikabaki koponi. Baada ya muda kopo huwa la moto hadi likatoa moshi, na resini iliyo ubaoni bado inanata. Mchanganyiko ni ule ule mmoja, kwa nini basi matokeo yawe mawili? Kwa sababu katika kopo resini imekusanyika, joto inalolitoa haliwezi kutoka, nalo huzidi kuichochea. Juu ya ubao imetandazwa tabaka jembamba, na kila joto linalozaliwa huchukuliwa mara moja na hewa ya baridi. Kiraka cha tangi au cha mtumbwi nacho ni tabaka jembamba vivyo hivyo. Fundi anayejaribu mchanganyiko wake kwa kuutazama koponi hujidanganya. Na ajaribu kwa kupaka kipande kidogo juu ya kibao, mahali pale pale atakapofanyia kazi, kisha angoje aone.

Kwa nini kuzidisha dawa si tiba

Kijana akiona resini haigandi, jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza dawa. Ukomo upo. Resini nyingi za poliesta huhitaji dawa ya kugandisha asilimia moja hadi mbili ya uzito wake, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo moja, na kilichoandikwa na mtengenezaji juu ya kopo lake ndicho hukumu. Siku ya baridi fundi aweza kukaribia kiwango cha juu. Akikivuka, dawa iliyozidi haina kazi ya kufanya. Hubaki ndani ya tabaka kama maji katika uji uliokwisha kuiva, ikalilainisha na kulidhoofisha. Palipo na mkusanyiko mnene, kama kwenye pembe za tangi, dawa nyingi huleta kinyume chake: joto hupanda kwa ghafla na tabaka likapasuka.

Kipimo cha kifuniko cha chupa au cha kukisia kwa jicho hakifai. Mizani ndogo ya kupimia na bomba la sindano lisilo na sindano havigharimu kiasi cha kumshinda fundi, navyo humlinda yeye na mteja wake.

Epoksi ina sharti kali zaidi. Hiyo huja katika makopo mawili, na uwiano wake, kama vile sehemu mbili kwa moja, haubadilishwi hata kidogo, iwe baridi au joto. Kuongeza cha pili ili iharakishe ni kuiharibu. Katika baridi yenye unyevu epoksi hutoa utando unaoteleza kama mafuta juu yake. Utando huo huoshwa kwa maji safi na kitambaa, sehemu ikakaushwa, ndipo tabaka jingine litandikwe. Tena fundi ajue kwamba povu jeupe la vifungashio vya redio na friji huyeyushwa na poliesta likawa shimo. Juu ya povu la namna hiyo ni epoksi tu inayotumika.

Namna ya kufanya kazi siku ya baridi

Dawa haiwi badala ya joto. Kilichopungua ni joto, na joto ndilo linalopaswa kutafutwa. Mafundi hulitafuta mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni katika resini yenyewe. Kopo la resini iliyo peke yake, isiyotiwa dawa bado, huwekwa katika beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono huyastahimili. Beseni liwe mbali na moto, kifuniko cha kopo kilegezwe kidogo, na maji yasiruhusiwe kuingia. Resini iliyopashwa hivyo huwa nyepesi, hupenya vizuri katika kitambaa na hutoa mapovu ya hewa kwa urahisi. Resini haiwekwi juu ya jiko hata kwa dakika moja. Mvuke wake huwaka, na joto la mchana wa Dar es Salaam tu latosha kuufikisha kwenye kiwango hicho. Dawa ya kugandisha nayo haipashwi kamwe.

Mahali pa pili ni katika kile kinachopakwa. Tangi au ubao uliolala nje usiku huwa na umande hata kama jicho halioni, na umande huifanya faiba ibanduke. Chombo kianikwe juani tangu asubuhi, kikauke na kipate joto hadi ndani. Kisha kihamishiwe kivulini kingali na joto, ndipo kipakwe. Watengenezaji wa mbao za mawimbi waliligundua jambo hili kwa taabu: mti na povu vina hewa ndani yake, na chombo kikipakwa wakati joto lake linapanda, hewa hutanuka na kutoboa resini kwa vipovu. Kikipakwa wakati joto limeanza kushuka kidogo, hewa hujikunja na kuivuta resini ndani.

Mahali pa tatu ni katika saa za siku. Kwetu huku kazi ianze kiasi cha saa nne asubuhi na upakaji uishe kabla ya saa nane mchana, ili resini ipate saa kadhaa za joto kabla ya jua kuchwa. Anayeanza baada ya alasiri huikabidhi kazi yake kwa usiku. Ikilazimu, kibanda cha turubai juu ya kiraka huhifadhi joto la mchana vizuri. Ipo pia resini inayogandishwa na mwanga wa jua, wala haihitaji joto kubwa. Kwa kiangazi chetu chenye jua kali na hewa ya ubaridi yaweza kumfaa fundi aliyeipata, alimradi aihifadhi gizani hadi saa ya kazi.

Baada ya kuganda, chombo kisirudishwe majini kesho yake. Kipewe wiki moja, na mchana kiwe juani. Ili kujua kama kimekomaa, fundi hukwaruza kwa ukucha, kisha hupangusa mahali padogo kwa kitambaa chenye asetoni. Pakilainika na kunata, bado. Aelewe pia kwamba resini ya kutandikia kitambaa hubaki na unato mdogo juu yake hata ikikomaa, na unato huo huondolewa na tabaka la mwisho lenye nta. Lakini tabaka lililobaki laini hadi chini baada ya siku kadhaa za joto halifunikwi kwa jingine. Hukwanguliwa lote, kazi ikaanza upya.

Wazazi wajihadhari na haya

Tumesema kwamba kiwanda cha vijana wetu ni ua wa nyumbani. Kwa hiyo mambo yafuatayo yanamhusu baba na mama sawasawa na fundi.

La kwanza ni jiko la mkaa. Kijana anayetaka kuongeza joto huingiza jiko katika chumba alichofunga madirisha. Hapo ameleta hatari mbili kwa pamoja: moto wa wazi karibu na mvuke unaowaka, na hewa ya sumu ya mkaa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu asiamke. Resini haipakwi penye jiko, sigara, mshumaa wala kibatari, na haipakwi katika chumba kinacholaliwa. Harufu yake kali huumiza kichwa na mapafu. Mlango na madirisha vibaki wazi, na watoto na wajawazito wakae mbali.

La pili ni macho. Dawa ya kugandisha ni peroksaidi, nayo ikiingia jichoni huweza kulipofua. Miwani ya kinga na glavu vivaliwe tangu chupa inapofunguliwa. Ikitokea imeruka jichoni, macho yaoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ndipo mgonjwa akimbizwe hospitali. Asipelekwe kwanza akaoshwa baadaye, kwa kuwa madhara hutokea ndani ya muda mfupi.

La tatu ni chupa. Dawa hii ni maji meupe yasiyotofautika kwa macho na maji ya kunywa. Mzazi asikubali imiminwe katika chupa ya maji wala ya soda, hata kwa siku moja. Ibaki katika chupa yake yenye maandishi, mahali pa baridi na kivuli, juu pasipofikiwa na mtoto.

La nne huwapata hata mafundi. Baadhi ya resini huuzwa pamoja na kichocheo cha rangi ya zambarau chenye kobalti, mbali na dawa ya kugandisha. Viwili hivyo visikutanishwe vyenyewe kwa vyenyewe hata kwa tone, kwa maana huripuka. Kichocheo hutiwa katika resini kwanza kikakorogwa hadi kipotee, kisha ndipo dawa ifuate. Visihifadhiwe rafu moja.

La tano ni mabaki. Kopo lenye resini iliyokwisha kutiwa dawa huendelea kupata joto baada ya fundi kuondoka. Lisitupwe katika takataka wala kuachwa juu ya majani makavu. Liwekwe nje, juu ya mchanga au udongo mtupu, hadi lipoe kabisa.

Haki ya mteja na haki ya fundi

Liliwahi kuletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti shauri la mvuvi na fundi kijana juu ya mtumbwi uliozibwa. Kiraka kilibanduka siku ya tatu, mtumbwi ukiwa mtoni. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyedhurika. Mvuvi alidai fedha zake, na fundi akashikilia kwamba resini ilikuwa mbovu. Katika kuulizana ikadhihirika kwamba mtumbwi ulikuwa haujakauka, kazi ilifanyika jioni kwa sababu mvuvi aliuhitaji kesho yake, na dawa ilizidishwa ili kumridhisha. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Walisuluhishwa kwa mvuvi kununua resini na fundi kutoa kazi yake bila malipo. Mtumbwi ulianikwa siku kadhaa, ukazibwa mchana, na haukushushwa majini mpaka wiki ilipotimia.

Tunalitaja shauri hilo kwa sababu limebeba jambo ambalo vipimo peke yake haviwezi kulitatua. Mteja anayemharakisha fundi siku ya baridi anajinunulia kazi mbovu. Fundi anayekubali kuharakishwa, hali anajua, anachukua ujira wa kitu ambacho hakukitoa. Na mtu atakayekaa ndani ya mtumbwi huo, pengine mtoto aliyetumwa ng'ambo, hakuwapo wakati wa mapatano. Kumwambia mteja kwamba chombo chake kitakaa wiki nzima ni kumtendea haki, hata kama wiki hiyo itamchukiza.

Kazi hii inazidi kukua. Mnamo Januari 2024 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Boti za faiba zikizidi majini, wa kuzitengeneza watahitajika, na vijana wa Ngara na Biharamulo wana nafasi yao humo. Wazazi wenye uwezo wa kumnunulia kijana wao kitu kimoja tu cha kuanzia kazi, wamnunulie miwani ya kinga. Wakiwa na uwezo wa cha pili, kiwe kipimajoto cha kutundika ukutani, na kijana aambiwe kwamba kikisoma chini ya nyuzi 15, siku hiyo ni ya kupiga msasa na kuanika, na resini ibaki ndani ya kopo lake.

Wabillahi tawfiq.